Bibi Atakaa Amegeuka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Kaliua u mzima na mpunga umeanza kupata wanunuzi. Sisi hatujambo, ila mama kifua kinambana asubuhi. Barua hii nampa Nurdini wa dukani, anayepanda treni kesho, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu.

Kalavati la kijitoni limekwisha kabisa. Mvua imechukua hata magogo uliyoyaweka. Mdogo wangu Doto hawezi kuvuka, hajaenda shule tangu hapo. Anashinda mlangoni amevaa sare, na mama amechoka kumwambia avue.

Mbunge hajajibu. Baba, nimechoka kuandika "Mheshimiwa" kwa niaba yako. Kila barua niliitengeneza upya nikidhani kosa ni lugha yangu. Jumamosi nikaenda kwa diwani, yaani kwa bibi Apolinaria. Najua wewe ukimwona mama mkwe wako njiani unaingia kwenye mahindi, kama heshima inavyotaka. Lakini mimi ni mjukuu, naruhusiwa kumwambia lolote.

Alinitania kama kawaida, akaniita mke mwenzake, akasema nimekonda kwa kuwaandikia watu wa Dodoma ilhali kwake hakuna hata mbwa wa kunizuia. Nilitazama miguu yangu, lakini nikamweleza yote. Kisha akasema kila kikao cha kata anasubiri neno kutoka kitongoji chetu, halifiki. Akilipeleka halmashauri mwenyewe tu, watasema anawajengea wajukuu zake. Lazima mwenyekiti wa kitongoji alisimamie kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu, liandikwe kwenye muhtasari. Hapo atakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mwenyekiti ni wewe, baba.

Nikamwambia hutaweza kusema mbele yake. Alicheka kidogo, kama mtu anayetaka kulala, akasema: "Mwambie nitakaa nimegeuka, nimejifunika khanga. Aongee na mgongo wangu."

Hili ndilo lililonishinda kwenye simu: nimemkubalia kwa niaba yako. Mtendaji wa kijiji ameshaliweka jina lako kwenye ajenda za Jumatano ijayo. Ukinikasirikia nitaelewa, ila tafadhali usikae huko mpaka mkutano upite.

Mama anakusalimu, anasema mpunga uliobaki unaweza kumwachia mtu. Doto naye anakusalimu. Nimemwambia unakuja, na leo amekubali kuvua sare ifuliwe.

Ni mimi mwanao,
Levina