Maneno Mawili ya Mzee Mateo

Saint Paul, Minnesota

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mvua zimefika huko Korogwe? Mimi ni mzima wa mwili, baridi tu ndiyo imezidi. Juzi kwenye simu ulisema sauti yangu nzito, nikasingizia mafua. Hayakuwa mafua, Mama. Nimefiwa.

Unajua ninachosoma: maandishi ya kale ya Wamaya, yaliyochongwa kwenye mawe huko Meksiko. Ukiyatazama utadhani ni picha tu za vichwa na wanyama, kumbe michoro ile ni sauti, na huwezi kuisoma bila kujua wajukuu wao wanavyozungumza hadi leo. Kwetu mjukuu huyo alikuwa Mzee Mateo, Mmaya wa kabila la Wachol, mwosha vyombo wa hoteli moja ya Bloomington. Kila Jumamosi profesa alimleta darasani atutamkie maneno ya Kichol na kutufafanulia kwa Kihispania. Alikaa karibu nami, kwa vile sisi wawili tu ndio tuliobaki na makoti hata ndani.

Mwezi uliopita alianguka kazini. Kiharusi. Mpwa wake, ndugu yake pekee nchi hii, alikuwa mbali, akiendesha lori. Hospitali ikampigia profesa, naye akiwa safarini akanituma mimi.

Nesi aliyenipokea ni dada Mkenya. Akaniambia, "Anaongea tangu asubuhi, na mkalimani wa Kihispania hashiki hata neno." Kiharusi kilikuwa kimekizoa Kihispania chote, kikamwachia Kichol peke yake, na mkalimani wa Kichol hawakumpata.

Nikamshika mkono. Daktari akataka nimuulize anaumwa wapi. Sikujua, Mama. Mawe yamenifundisha kusema mfalme alizaliwa, alitawazwa, alitekwa, alikufa. Hakuna mfalme aliyechongewa kwamba kichwa kinamgonga. Mzee aliongea, akanisubiri nijibu, akaongea tena. Nikashika "ja'", maji, tukamlowesha midomo. Baadaye akasema "kotot". Kwenye mawe tunasoma "yotot", nyumba yake. Nikaelewa: nyumba yangu. Nikalirudia neno lile. Machozi yakamtoka, akaendelea kuongea, sasa kwa haraka zaidi, maana alidhani namwelewa yote.

Daktari akaniomba nimwambie kwamba hatapona. Neno la kufa ninalijua, tulilisoma mwanzo kabisa. Sikuweza kulitamka. Akafariki kesho yake mchana.

Mpwa alifika mwili ukiwa umeshaondolewa. Akampigia mama yake, dada wa marehemu, kule kijijini kwao, akaiweka simu katikati yetu. Yule mama akauliza kitu.

"Anataka kujua kaka yake alisema nini," mpwa akaniambia.

Nikajibu kwamba aliomba maji, akataja nyumbani.

"Na mengine?"

Nikamwambia ukweli: aliongea alasiri nzima, nami niliambulia maneno mawili tu.

Aliinamia simu. Kisha akaanza kumweleza mama yake kwa Kichol, maneno mengi, marefu, bila kunitazama. Nikamsikia yule mama akilia, halafu akitulia. Sikumuuliza kijana alisema nini.

Msalimie Baba Mdogo na mkewe, na mdogo wangu Saidi akazane na shule. Bibi mpe shikamoo yangu. Akianza kusimulia kwa Kizigua, Mama, tafadhali usimkatize, kaa naye mpaka amalize.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Zuhura