Alama za Ndani ya Saa ya Baba

Munje,
S.L.P. 61,
Msambweni.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Musyoki,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, mkeo Kaindi na watoto. Je, kifua kimepoa? Baridi ya Kitale haijawahi kukupenda, kwa hiyo sweta usiivue. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Magoti tu ndiyo yananikumbusha umri.

Nimeandika barua makusudi. Kwenye simu ungeniambia mtandao unakatika.

Mumbe wangu amepandishwa cheo. Sasa ndiye msimamizi wa vyumba vyote pale hotelini Diani, na Kijerumani anakisema mpaka wageni wanamuuliza alizaliwa wapi. Mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa mtu wa namna hiyo! Majirani wamechoka kunisikia, lakini wewe ni mjomba, huna ruhusa ya kuchoka.

Mchumba wake Hesbon nilikwisha kukutajia. Ni fundi saa, ana kibanda Ukunda. Tangu mwanzo nilimtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamume mwenye vidole laini vile, na anayesema polepole, nilijua hakosi jambo. Basi mwezi wa saba, saa ya marehemu baba ilipoanza kuchelewa, nilimpa yeye aisafishe na kuitia mafuta. Kusema kweli nilikuwa namtega. Saa unaijua: ya dhahabu, ya Uswisi, aliyozawadiwa baba na yule meneja mzungu siku alipoacha upishi. Mwenye tamaa angejulikana tu.

Kabla ya kumpa niliipeleka dukani kwa Nzai niipime uzito, ili nijue kama kuna kitu kitatolewa ndani. Mizani yake ya sukari haikusogea hata kidogo. Nzai akacheka: "Mama Mumbe, nikufungie robo au nusu?" Nikamwambia na acheke.

Baada ya wiki mbili Hesbon aliirudisha, inakwenda sawasawa na redio. Kisha, bila kuulizwa, akainamisha kichwa: "Mama, kuna jambo. Mashine iliyomo ndani siyo ya saa hii. Ni ya bei rahisi, ilitiwa baadaye."

Musyoki, nilihisi kichwa kinavimba. Wewe uliponirudishia saa mwaka 2019 uliniapia kwamba haijafunguliwa tangu baba atutoke. Sasa mwizi angekuwa nani mwingine? Nikaona Hesbon ameiba mashine, na amewahi kusema mwenyewe ili asishukiwe. Nilimfukuza uani kwangu, watu wakitazama. Mbuzi wa ntheo, wale wa posa ya Mumbe waliokuwa waletwe, nikawakataa. Tangu siku ile Mumbe hajala kwangu. Anakuja, ananiamkia, anaondoka.

Lakini mimi jambo nusunusu haliniachi nilale. Juzi nilikwenda na saa mpaka Kombani kwa mzee Chirau, yule fundi aliyekuwa akimtengenezea baba. Amezeeka, ila alipotia kioo jichoni mkono wake haukutetemeka. Akafungua kifuniko cha nyuma akanionyesha kitu nisichokijua. Kumbe fundi saa, kila anapoifungua saa, hukwaruza herufi zake na mwaka upande wa ndani, kwa ncha ya sindano. Ndogo kama mayai ya chawa.

Alama zake zilikuwapo mbili, 1991 na 2002. Ya Hesbon ipo, ya mwaka huu. Na kati yao ipo nyingine, ya fundi asiyemjua, 2013.

Nikamuuliza, Hesbon hawezi kuandika mwaka wa uongo? Akanicheka. "Wee mama, una moyo mgumu! Mkwaruzo mpya hung'aa. Huu umekwisha kuwa mweusi. Na mashine niliyoisafisha mara mbili naijua, siyo hii. Kijana wako amesema kweli. Huo mwaka 2013 saa ilikuwa kwa nani?"

Nikamwambia sikumbuki. Nimemdanganya mzee wa watu kwa ajili yako.

Baba alitutoka 2010. Miaka tisa saa ilikuwa mkononi mwako.

Sisemi uliiuza mashine. Mwaka ule ndipo uliponunua pikipiki, lakini sijasema kitu. Labda fundi wa huko alikuibia hata wewe. Ila kuapa uliniapia, na kwa kiapo chako nimemwaibisha mtoto wa watu na kumliza mwanangu.

Jana nilikwenda Ukunda kumwomba Hesbon radhi. Alinipangusia kiti, akasema, "Yamekwisha, Mama." Hakuniuliza saa ilikuwa kwa nani. Nadhani anajua.

Mbuzi watakuja Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, na nyumbani kwetu hawapokelewi bila mjomba. Njoo. Saa nitakuvisha mimi mwenyewe mbele ya wageni, kisha utaketi na Hesbon umweleze fundi wa 2013 alikuwa nani. Na kama mashine ya baba bado unayo mahali, njoo nayo. Yeye anajua inavyorudishwa.

Msalimie sana Kaindi, na Nthiwa mwambie shangazi amemwekea korosho. Mungu akulinde njiani, akulainishie na ulimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Kalondu