Kapasita Iliyomeza Pumzi ya Mama

Gongoni, 3 Septemba 2024

Dada Mumina,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila mikono. Chumvi imekula vidole, kalamu naishika kama jembe. Mbuzi wanapata maji?

Kirigia wa lori la chumvi amenipa barua yako. Unasema ile amplifaya ya kukuza sauti niliyomjengea Baba ilikufa, fundi Njogu akabadilisha kapasita moja, kile kipande kidogo cha kuchuja sauti, na sasa Baba akiweka kaseti ya marehemu Mama anasema, "Huyu si mke wangu, zima." Na tangu hapo hataki kula.

Mumina, kapasita ni kapasita. Hapa kambi ya chumvi vijana wanaunda spika zao, wanabishana mpaka matusi, eti ya bei ghali ina sauti tamu. Uongo. Namba iliyoandikwa juu yake ikiwa sawa, sauti ni ile ile. Masikio ya Baba yamezeeka. Mpe maziwa, atazoea.

Kaka yako,
Huqa


Bulla Pesa, Isiolo, 21 Septemba

Kaka Huqa,

Aleikum salaam. Mbuzi wako sawa. Baba amekonda.

Nilimsomea Njogu barua yako, akacheka. "Mwambie kaka yako asitufanye wajinga. Rezista na vipande vingine vyote viko vizuri, lakini ile kapasita ilikuwa kubwa mara kumi ya inayotakiwa. Inameza sauti zote nyembamba." Hiyo ya zamani nimeiweka kwenye mkebe wa majani ya chai.

Zamani Mama alikuwa kama anaongea ndani ya blanketi. Sasa ni kama amekaa kitandani kwangu. Anasema, "Huqa, mimi mzima, fanya kazi yako," lakini kati ya maneno pumzi inakwaruza kama gunia linaloburutwa. Halafu kuna mlio mdogo: tak. Anaendelea, tena tak. Naogopa kubaki na hiyo redio peke yangu.

Ni wewe uliyeweka hiyo kapasita?

Dada yako,
Mumina


Gongoni, 10 Oktoba

Mumina,

Salaam. Barua hii nimeichana mara tatu.

Ni mimi. Kaseti ile Mama alinitumia huku miezi miwili kabla hajafa, kwa sababu simu hakuipenda. Nilisikia kifua chake siku ile ile. Nikajiambia ni redio mbovu. Ukiondoka hapa, nafasi yako imekwenda. Sikuja. Nilipofika mlikuwa mmeshazika.

Baba akaniomba nimtengenezee kitu amsikie Mama kwa nguvu. Nikawaza, akisikia pumzi ile ataniuliza, "Ulisikia haya na hukuja?" Nikajaribu kapasita moja, ya pili, ya tatu, mpaka kifua kikapotea. Sikukosea, nilichagua.

Miaka saba sasa. Toroli la chumvi likikwaruza chini, ni yeye. Nageuka, hakuna mtu.

Njogu anaweza kuirudisha kapasita yangu, Baba ale. Au msomee barua hii. Mimi nimeshindwa kuamua.

Kaka yako,
Huqa


Bulla Pesa, Isiolo, 29 Oktoba

Kaka Huqa,

Salaam aleikum. Nilimsomea yote. Akaitisha kaseti. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya spika. Kila ikilia tak, alifumba macho.

Nikamuuliza, "Baba, kwa nini ulisema si mke wako?"

"Nilijua ni yeye. Ndiyo maana nilisema zima. Sasa andika."

Nimeandika alivyosema: "Huqa, mama yako alirekodi akiwa amelala, mimi nimeshika redio. Akitaka kukohoa, nabonyeza kusimamisha. Akimaliza, nabonyeza tena. Mimi ndiye niliyemwambia aseme ni mzima, usije ukaacha kazi. Wewe ulificha kilichobaki tu. Hiyo tak ni mimi."

Kapasita ameitupa chooni. Jana alikula. Anasema uje kwa lori la Kirigia, tuisikilize kaseti sisi watatu, ikiwa hivyo hivyo.

Nilimwambia labda hutaamini ni maneno yake. Akapaka kidole wino wa kalamu yangu. Ni kile kile alichobonyezea redio. Alama yake iko hapa chini, kando ya jina langu.

Dada yako,
Mumina