Saa Kumi na Tatu Kutoka Mwanza

Shikamoo Mama,

Nimeandika hiyo shikamoo nikakaa kidogo, nikisubiri marahaba. Mazoea. Nipo kizingitini kwako hapa Nyabusozi. Maharage uliyopanda yametoa maua, na mimi nilifika siku mbili baada ya mazishi yako.

Nina jambo la kuungama. Linahusu zile saa kumi na tatu.

Uliniuliza kwenye simu, kwa kile Kiswahili chako cha ofisini, maana simu uliiona ni kitu cha serikali na Kisubi chetu cha nyumbani ulikiweka kando: "Naomba kufahamu, kutoka Mwanza mpaka huko Toronto ni mwendo gani?" Nikatafuta kwenye kompyuta. Kilomita karibu elfu kumi na mbili, kwa ndege saa kumi na tatu na ushee. Nikakusomea hivyohivyo. Ukacheka sana. "Kumbe ni karibu! Ukitoka asubuhi nikiwa shambani, jioni unakula hapa."

Nilipaswa kukwambia ukweli, Mama. Hizo ni saa za mstari ulionyooka, kama ingekuwepo ndege ya kuruka moja kwa moja, na haipo. Kuna kushuka na kupanda nyingine, kuna kungoja viwanjani mpaka miguu inavimba, kuna basi la kutoka Mwanza. Kuna kuomba ruhusa kazini, ambako nawaogesha wazee wa watu. Lakini ulifurahi mno, nikakuachia furaha yako. Tena niseme kweli, nami niliipenda. Kwenye theluji nilikuwa najiambia, ni saa kumi na tatu tu.

Basi asubuhi ile ulipozidiwa, dada Dafroza akanipigia, nikasema natoka leo. Wewe ukapiga hesabu yako. Ukamwambia, "Mpikie mdogo wako, jioni yupo." Jioni hiyo nilikuwa bado Toronto natafuta tiketi. Dafroza anasema uliutazama mlango mpaka mwisho. Nisamehe, Mama. Hilo ndilo linanichoma.

Ndani ya ndege kulikuwa na kioo chenye ramani, na kijindege cheupe kikitambaa juu ya dunia. Nikasinzia. Nikakuona chini yetu umeanika unga wa muhogo, mweupe, umetanda hadi macho yanapoishia, ukainua mkono bila kunitazama, kama ulivyozoea ukiwa na kazi. Nilipoamka yalikuwa mawingu. Sijui tulikuwa juu ya nchi gani. Nikakuita kwa Kisubi, kimoyomoyo, nikakwambia nakaribia. Hata hapo nilikuwa nadanganya.

Nilipofika, Dafroza hakulia. Alinipokea mkoba, akaleta sahani iliyofunikwa. Ndizi na maharage, vya moto. Alikuwa anapika kila jioni tangu ulipomwagiza, hata jioni ya mazishi, waombolezaji wakimshangaa. Alisema wewe ulisema jioni nipo, na hukusema jioni ipi.

Nikala, machozi yakiingia sahanini.

Jana ameniuliza swali lako lilelile, ni mwendo gani. Nimemwambia ni siku tatu, Dada, tena nikiwahi. Akaendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Basi nitakuwa nakupigia mapema." Nami nakuahidi wewe, akipiga sitamdanganya, na sitangoja azidiwe ndipo nitoke.

Usiutazame tena mlango, Mama. Lala. Nimeshakula.

Mwanao,
Koleta