Nyuzi Laini au Msasa: Kikao cha Kuchagua Nyuzi za Besi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA KAMATI YA ALA, BENDI YA JUMAPILI

Tarehe: Jumapili, tarehe 9
Mahali: Saluni ya Mwenyekiti, mlango ukiwa nusu wazi
Muda: Saa nane na dakika arobaini mchana (muda uliotangazwa: saa nane kamili)

WALIOHUDHURIA
1. Kinyozi – Mwenyekiti, mpiga kinanda
2. Mama Pacha – Mwimbaji
3. Shemeji – Mpiga ngoma (ni kaka wa mke wa Katibu, hakuingizwa kwenye bendi kwa sababu hiyo)
4. Dobi – Mpiga besi, ambaye pia ni Katibu na anaandika haya bila kumpendelea mtu

ALIYECHELEWA
5. Fundi Saa – Mpiga gitaa la solo. Aliingia saa tisa na robo, akasema saa yake ilisimama.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba Jumamosi tarehe 15 bendi inaingia studio kurekodi kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe miaka tisa iliyopita. Alisema jambo la leo ni moja tu, nyuzi za besi, kwa kuwa wimbo wenye besi mbovu ni nyumba isiyo na msingi. Shemeji alisema "kweli kabisa" kabla sentensi haijaisha, huku akimtazama Katibu.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO NA KIKAO CHA TANO
(a) Kuchemsha nyuzi. Kikao cha tano kiliamua nyuzi za Katibu, zenye umri wa miaka minne, zichemshwe ili sauti ichangamke. Katibu aliarifu kwamba alizichemsha nusu saa na kutia sabuni ya unga kidogo. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyetaja sabuni. Katibu alijibu kwamba kitu kichafu kinafuliwa, na yeye ni dobi. Sauti ilichangamka siku mbili, ikarudi kulekule.

(b) Sufuria. Mama Pacha alieleza kwamba sufuria aliyoiazimisha kwa kazi hiyo ilirudi inanuka chuma, na chai yake sasa ina ladha ya spana. Alisema wema wake umemponza. Katibu aliomba radhi kwa mara ya tatu. Radhi ilipokelewa kwa mara ya kwanza.

KUMB. NA. 3/6: HOJA YA KUBADILI NYUZI
Mama Pacha alieleza kwamba walipojirekodi kwa simu, besi ilisikika kama mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Yeye huimba akiifuata besi, na asipoisikia anapotea. Alipendekeza nyuzi za nikeli zilizozungushiwa waya wa duara. Uso wake una mikwaruzo, na sauti yake ni kali, wazi, noti inajulikana imeanza wapi na imekwisha wapi. Katibu huziita msasa.

Katibu alipinga. Alisema nyuzi zake laini, ambazo kidole kinateleza juu yake bila kukwama, zina sauti nzito na ya unyenyekevu, na kwamba besi haipigwi ili isikike bali ili ikikosekana watu wajiulize. Shemeji alisema watajiulizaje, mbona hata sasa haisikiki. Katibu alisema huenda ingesikika kama ngoma zingekoma kupigwa kama mlango wa mdaiwa. Maneno mengine ya wajumbe hao wawili hayakuhusu nyuzi bali harusi ya mwaka juzi, na hayakuandikwa.

Hapo ndipo Fundi Saa alipoingia, akiwa amebeba gitaa la besi lenye nyuzi za nikeli. Alisema ameliazima kwa mpiga besi mmoja wa mtaa wa pili, na kwamba kama Katibu hataki kubadili nyuzi, mwenye gitaa hilo yuko tayari kuingia studio Jumamosi badala yake. Katibu amepiga besi ya bendi hii tangu siku ya kwanza. Ameyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

KUMB. NA. 4/6: JARIBIO LA MASIKIO
Mwenyekiti aliamua kwamba wajumbe wageukie ukuta, Katibu apige kipande kilekile kwa magitaa yote mawili bila kusema lipi ni lipi, halafu wapige kura kwa kuinua mikono. Katibu alipiga. Baadaye ilibainika kwamba ukuta waliougeukia ndio wenye vioo vya saluni, na kila mtu aliona kila kitu. Mwenyekiti, aliyevitundika vioo hivyo mwenyewe, alisema hakufikiria. Jaribio lilifutwa, vioo vikafunikwa kwa vitambaa vya kunyolea, na likarudiwa upya.

Mwenyekiti, Mama Pacha na Fundi Saa walichagua msasa. Shemeji alichagua nyuzi laini za Katibu. Jambo hili lilimshangaza kila mtu, na Katibu zaidi, maana Shemeji hajawahi kukubaliana naye hata kuhusu mvua inayonyesha.

Mama Pacha alimuuliza Shemeji kama ameziba masikio. Shemeji alijibu kwamba amesikia vizuri na msasa ni bora, mtoto mdogo angejua. Aliulizwa basi kwa nini, akavitazama vioo vilivyofunikwa. Mwenyekiti alimtaka ajibu, kikao si kijiwe.

Shemeji alisema: "Nilimwona kwenye kioo ile mara ya kwanza. Vidole vyake vinachanika. Alipiga huku anauma mdomo, halafu akafuta nyuzi kwa pindo la shati."

KUMB. NA. 5/6: VIDOLE VYA KATIBU
Katibu aliomba sehemu hii isiandikwe. Mwenyekiti aliamua iandikwe.

Mwenyekiti aliushika mkono wa Katibu na kuutazama penye mwanga wa mlango. Ncha za vidole zilikuwa zimekunjamana na kubambuka, na kidole cha shahada kilikuwa kimechanika. Katibu alieleza kwamba mtu anayefua siku sita kwa wiki, maji ya moto na sabuni, vidole vyake haviwezi kuota sugu. Nyuzi laini anazimudu. Msasa unamla. Amelijua hilo miaka minne, na yale maneno ya unyenyekevu yalikuwa ya kujifunika shuka. Aliogopa kwamba wakijua watatafuta mwenye vidole vikavu, na leo kweli ametafutwa.

Alisema pia kwamba naye amesikia. Msasa ni mzuri kuliko nyuzi zake, na roho ilimuuma kusikia mikono yake mwenyewe ikitoa sauti ile na kujua haitadumu nyimbo mbili.

Katibu alisema: "Mchukueni yule. Wimbo usiharibike kwa ajili yangu."

Mama Pacha aliuliza kama angesema mapema angekufa. Fundi Saa alisema anaondoa pendekezo lake la mtaa wa pili, akaomba lifutwe pia kwenye daftari. Katibu alimweleza kwamba kumbukumbu hazifutwi.

Shemeji aliuliza vidole vinahitaji kukauka siku ngapi. Katibu alisema tano, pamoja na kupiga kidogo kidogo kila siku ili ngozi ikomae. Shemeji alihesabu kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, akahesabu tena.

Shemeji alisema: "Basi tutafua sisi."

KUMB. NA. 6/6: MAAZIMIO
(a) Zifungwe nyuzi za nikeli zilizo nyembamba, zisizokaza sana chini ya kidole, leo hii, ili zitulie kabla ya Jumamosi. Baada ya kurekodi, nyuzi laini zirudi kwa shughuli za kila wiki, na Mama Pacha avumilie kabati.

(b) Tangu kesho hadi Ijumaa Katibu asiguse maji, isipokuwa ya kunywa na ya kuoga, na kuoga kuwe kwa haraka. Shemeji atafua mashuka na mablanketi. Mama Pacha atafua nguo nyeupe. Alisema aliyelea pacha hafundishwi kufua. Fundi Saa atapiga pasi, na ameonywa kuhusu muda. Mwenyekiti atawapelekea wateja nguo zao. Katibu atasimama pembeni na kutoa maelekezo. Shemeji aliomba maelekezo yawe machache.

Maazimio yote yalipita bila kupingwa. Katibu aliomba nafasi ya kutoa shukrani.

(Kuanzia hapa naandika mimi, Mama Pacha. Katibu alisimama, akasema "Ndugu wajumbe", akaishia hapo. Sasa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa usoni. Anasema ni mafua. Kikao kimekubali kwamba ni mafua.)

KUFUNGA
Hapakuwa na jingine. Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na dakika ishirini jioni na kuwataka wafuaji wafike kwa Dobi kesho saa moja asubuhi, Fundi Saa afike saa kumi na mbili ili aonekane saa moja.

Mwenyekiti: Kinyozi (sahihi)

Katibu: Atasaini mafua yakipungua. Shemeji amekaa naye.