Kujifundisha

Mwalimu Consolata,

Tangu tukuzike sijalia, na walimu wenzetu wameanza kunitazama vibaya. Ninakula, ninalala, ninasahihisha madaftari. Mkuu wa shule aliponiambia nishike darasa lako la nne, nilijibu sawa, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Baadaye nikarudi kumwomba atafute mwingine. Watoto wako wanasoma kwa Kifaransa, nami Kifaransa sijui. Nitasimamaje mbele yao? Amenipa hadi Jumatatu nifikirie.

Nilipofika hapa Gisenyi kutoka Karagwe, na Kiswahili changu kilichonyooka, ulinisalimia ukaniambia ulikuwa unajifundisha Kiingereza. Nikadhani umekosea. Nikakwambia, haisemwi hivyo, Mwalimu, ni kujifunza. Ulicheka mpaka ukafuta macho, ukanijibu kwa Kiswahili chenu cha mpakani: "We mutoto wa Tanzania, sasa nani atanifundisha? Mi mwenyewe njo mwalimu yangu ya kwanza."

Ulikuwa karibu kustaafu. Kifaransa chako kingekutosha maisha yako yote. Lakini kila mchana ulikaa dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao, ukimsikiliza Aline, yule msichana aliyerudi na wazazi wake kutoka Uganda. Yeye alikupa Kiingereza, wewe ukampa Kifaransa. R na L zilikushinda kabisa, darasa zima likicheka, nawe ukicheka nao. Nilipokuuliza huoni haya, ulinijibu, "Bon, mwalimu mwenye anajua yote, aende auzishe samaki ya sambaza ku soko." Siku hiyo nilikuona mtani tu.

Leo niliingia darasani kwako kuchukua chaki. Watoto wakasimama. Aline akaniuliza polepole, "Mwalimu, sasa mi nitafundisha nani?" Nilitoka na chaki zangu, na ndani sikusikia kitu. Hilo ndilo linalonitisha, Mwalimu. Nilikupenda, na sisikii kitu.

Nimeshaamua. Jumatatu nitamwambia mkuu nimekubali. Mchana nitakaa karibu na Aline anifundishe Kifaransa, na kila neno atakalonipa litakuwa limetoka kwako. Pengine atalitamka kama ulivyolitamka wewe, na hapo ndipo nitalia, mbele ya watoto wote.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi, hata nikilia sitatoka darasani.

Wako,
Speciose