Maksai Aliyegeuka Kamera

Majengo, Mpanda
2 Juni 2024

Mdogo wangu Shadrack,

Hujambo? Natumai u mzima na kazi ya huko Mbagala inakwenda. Sisi huku hatujambo, ingawa neno hilo nalisema nusu, nusu nyingine utaisoma hapa chini. Naandika barua kwa sababu kwenye simu unanicheka na kunikatiza. Konda wa basi atakupa mkononi.

Baba yuko kwangu wiki ya pili sasa. Kile kidonda cha kisigino tulichoambiwa ni cha mwiba, si cha mwiba, ni sukari. Hospitali wamempa dawa na tarehe, 12 Julai. Kisipogeuka mpaka siku hiyo, mguu wa kulia unakatwa chini ya goti. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaruhusiwa kula ugali, tukarudi nyumbani.

Usiku huohuo akanipa sharti lake. Anataka picha moja kubwa, ya kutundika ukutani, amesimama kwa miguu yote miwili. Anasema miguu hii ndiyo iliyotoka Meatu mpaka Kasekese nyuma ya ng'ombe, na wajukuu lazima waione. Sasa unaijua kamera yangu. Tangu Pasaka inapiga mstari mweusi katikati ya kila picha. Bibi harusi mmoja wa Misunkumilo nilimgawa vipande viwili nikamrudishia hela yake yote. Nilipomweleza baba, akasema uza maksai mmoja, mguu ukienda nani atafuata plau? Maksai ameuzwa mnadani juzi.

Nikaenda dukani hapa mjini kuulizia kamera. Muuzaji akamjibu Luhende! Luhende fundi spika, jirani yangu, niliyemwomba anisindikize tu. Mimi nauliza, yeye anamtazama Luhende, "Mwambie mama hii ni ya wataalamu." Miaka tisa napiga picha mji huu, Shadrack. Picha ya leseni yake ya biashara nilimpiga mimi! Nilitoka bila kuaga.

Kwa hiyo naomba unisaidie huko Dar. Niambie kama inawezekana kupata ya mtumba iliyo nzima.

Ni mimi dada yako,
Nyanzala


Mbagala, Dar es Salaam
9 Juni 2024

Dada Nyanzala,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yangu, mwambie namwombea. Mimi mzima wa afya, mambo yanaenda. Nimesikitika sana kuhusu mguu, ila dada, madaktari wa siku hizi wako vizuri, msiogope.

Sasa tuongee kama watu wazima. Kamera ya nini zama hizi? Huku mjini kila mtu anapiga kwa simu, anapiga hata jiko lake. Chukua simu kali yenye kamera tatu nyuma, hela itakayobaki weka kwenye bodaboda, mpe mtu aendeshe. Wewe umezoea kung'ang'ania. Baba naye ni mzee, picha ya simu ataijuaje?

Lakini kama umeshikilia hapohapo, basi nitumie hizo hela. Kariakoo namfahamu jamaa mmoja wa kamera, hawezi kunitupa.

Mdogo wako,
Shadrack


Majengo, Mpanda
14 Juni 2024

Shadrack,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Baba amelala vizuri siku mbili, ya tatu hakulala.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. "Picha ya simu ataijuaje?" Baba huyuhuyu anayemjua ndama wake kwa mlio gizani? Mwezi uliopita mama mmoja alinijia na simu ya marehemu mumewe, imekufa, picha zote za mtu wake zimo ndani. Mafundi watatu wameishindwa. Alikaa kwenye benchi langu anaipapasa ile simu mpaka nikafunga duka. Na hiyo simu yangu mimi, picha yake ukiikuza ukubwa wa ukuta inakuwa uji. Maksai hakuuzwa ili anunuliwe bodaboda. Usirudie tena.

Hela nimekutumia jana. Sasa soma polepole. Chumba changu unakijua, kutoka kwenye kitambaa cha nyuma hadi kabati la fremu ni hatua tano, na mlango uko ubavuni. Watu wetu hawataki picha ya nusu mtu. Ukimpiga mtu kichwa na mabega anakuuliza kama amekufa, maana picha za namna hiyo ndizo zinazokuzwa kutoka kwenye kitambulisho na kuwekwa juu ya jeneza. Wanataka viatu vionekane, hata kama ni kandambili. Kwa hiyo nataka lensi ya kawaida, ile inayokuja na kamera yenyewe kwenye boksi, inayovuta na kupanua. Nikiipanua, mtu mzima anaenea katika hatua zangu tano. Mwili wa kamera uwe wowote ulio mzima. Lensi ni hiyo. Usinichagulie nyingine.

Nilimwuliza baba kama naweza kumpiga nje, barabarani, ambako naweza kurudi nyuma nitakavyo. Alikataa. "Sitasimamishwa barabarani watu wapite wananitazama kama ng'ombe wa mnada." Nami namwelewa. Kidonda kinanuka, na yeye ni Mzee Manyanda, mtu wa heshima zake.

Iwe hapa kabla ya Julai haijaanza.

Dada yako,
Nyanzala


Mbagala, Dar es Salaam
6 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo! Baba anaendeleaje? Samahani nimechelewa na simu zako sijapokea, nilikuwa nazunguka kutafuta kitu cha maana. Nimekipata! Dada, nimekuchagulia bonge la kamera. Yule jamaa anasema hata mapaparazi hapa mjini wanaitumia. Lensi yake ndiyo usiseme, inang'arisha sura, nyuma kote kunayeyuka, mtu anatokea kama yuko kwenye kalenda. Mpanda nzima hakuna mwenye hiyo. Utakuja kunishukuru.

Basi linaondoka Jumanne. Mzigo umeandikwa jina lako.

Mdogo wako anayekupenda,
Shadrack


Majengo, Mpanda
13 Julai 2024

Shadrack,

Baba alikatwa mguu jana. Yuko wodini, anaongea. Salamu zako nimezifikisha.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, na usome mpaka mwisho.

Basi liliharibika njiani, mzigo ukafika Alhamisi saa kumi jioni. Kesho yake asubuhi tulitakiwa hospitali. Baba alikuwa amevaa tangu saa nne, shati jeupe na suruali, kofia, fimbo mkononi, na viatu vyote viwili. Kile cha kulia kilimchukua nusu saa kuingia na hakutaka nimsaidie. Sikuwa na muda wa kujaribu kamera. Nilichomeka betri, nikawasha taa, Luhende akamshika baba kiuno akamsimamisha mbele ya kitambaa, kisha akamwachia. Tulikuwa tumeshaona kwamba anaweza kusimama peke yake kwa muda wa kuhesabu kumi.

Nikaweka jicho. Nikaona kifua na kichwa. Nikazungusha lensi ipanue, haipanui. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati, fremu mbili zikaanguka. Nikaona mpaka magoti. Nikalala chini, nikapanda stuli, magoti. Baba anauliza, "Bado?" Nasema bado baba, bado kidogo. Mguu ukaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa hanitazami tena mimi, anatazama ukuta. Nikabonyeza. Luhende akamdaka akiwa anakwenda chini.

Nikachukua simu yangu, nikamwambia baba pumzika tu tujaribu na hii. Alikataa. "Simu ya kuulizia bei ya mpunga ndiyo niliyoiuzia maksai?" Akataka kuona kilichopatikana. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliisogeza karibu na macho, akaniuliza taratibu kabisa, "Miguu iko wapi?" Nikazima kamera. Na hakuweza kusimama tena, tulimbeba mimi na Luhende mpaka kitandani.

Baada ya hapo ndipo nilipochunguza boksi. Ndani kuna nafasi ya duara, imechongwa kwa ajili ya lensi, tupu. Juu ya boksi ipo picha ya lensi niliyokuagiza. Ilikuwa inakuja na kamera, Shadrack! Ilikuwa mle ndani! Nani aliitoa? Iko wapi? Na hii iliyofungwa hapa, isiyovuta wala kupanua, ni nani aliyeiomba?

Naijua hiyo lensi. Ni nzuri, ya mtu mwenye ukumbi. Unadhani sikuijua? Unadhani niliandika ukurasa mzima kwa sababu nilikosa kazi? Yule wa dukani alimjibu Luhende kwa sababu hanijui. Wewe unanijua, nimekubeba mgongoni, na umefanya vilevile.

Nijibu lensi iko wapi.

Nyanzala


Mbagala, Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Pole sana kwa kumuuguza baba. Nimekaa na barua yako wiki tatu, kila nikianza kuandika nachana.

Ukweli ni kwamba lensi nilibadilisha. Jamaa alisema ile ndogo ni ya kitoto, ya watu wanaojifunza, nikaona aibu kumnunulia dada yangu kitu cha kitoto. Nikamwachia ile, nikaongeza hela yangu mwenyewe juu, nikachukua hiyo. Sikula hata shilingi ya maksai, naapa. Nilikutakia mema dada. Nimeenda kumwomba ile ya kwanza, ameshaiuza.

Lakini usikasirike, nimepata njia. Kuna mtu hapa anatengeneza picha kwa kompyuta, hodari mno. Nitumie hiyo uliyopiga, atambandikia baba miguu. Ana miguu ya kila aina, na viatu juu. Hakuna atakayejua.

Mdogo wako,
Shadrack


Majengo, Mpanda
22 Septemba 2024

Shadrack,

Hujambo. Sisi wazima, na safari hii nalisema zima. Kidonda kimefunga. Baba anatembea kwa magongo, ameshamgombeza kila mtu mtaani na juzi alitaka kwenda Kasekese kuhesabu ng'ombe.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ningekujibu siku ileile ningeandika mambo ambayo dada haandiki. Miguu ya nani? Ya nani, Shadrack? Ya mtu gani wa Dar, aliyepita dukani akapigwa picha hajui lolote, ndiye aliyeswaga ng'ombe wa baba yangu kutoka Meatu? Wajukuu waoneshwe miguu ya mtu baki waambiwe hii ndiyo ya babu yenu? Nilimsomea baba barua yako nikidhani atacheka. Aliniambia niirudie pale penye miguu ya kila aina, nikarudia, akajifunika shuka.

Lensi yako nimeiondoa. Niliipakia kwenye kikapu, nikapanda treni mpaka Tabora, nikamtafuta mpiga picha wa harusi anayeitwa Thadei. Alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaniuliza chumba changu kina hatua ngapi. Hilo tu ndilo aliloniuliza. Akachukua hiyo yako, akanipa lensi ya kawaida, kuukuu, ina mkwaruzo pembeni, inavuta na kupanua, na akaniongezea taa moja. Nililala stesheni, asubuhi nikarudi.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, baba aliingia studio peke yake, bila kuniambia. Shati lilelile. Suruali ameipiga pasi, mguu mmoja wa suruali unaning'inia. Akaniuliza kwa nini taa zimezimwa na mteja amefika. Nikamletea kiti. Akakisukuma kwa gongo. Nikamwambia basi nitampiga kuanzia kiunoni, atapendeza. Akanikaripia mbele ya wateja wawili waliofuata picha zao. "Piga yote. Mguu ulipo, piga. Pale usipokuwepo, piga." Alisimama muda mrefu kuliko ule wa Julai. Nilipiga kumi na moja.

Nimesafisha moja, kubwa, iko ukutani. Nilitaka kukutumia nakala ndani ya bahasha hii. Baba amekataa, na hapa naandika maneno yake kama alivyoyatamka, amekaa karibu yangu anahakikisha.

"Mwandikie hivi. Daktari alitaka kunikata mguu. Alikuja kitandani, akakaa, akanieleza, akanipa karatasi nitie dole gumba, nikatia, ndipo akakata. Daktari si mwanangu. Shadrack alinikata yote miwili na hakuniuliza."

Nyanzala


Mbagala, Dar es Salaam
30 Septemba 2024

Shikamoo baba. Shikamoo dada.

Naomba kuuliza. Nikija, mtanipokea? Na kama mtanipokea, nije lini, na nije na nini?

Sijakata tiketi, nangoja mniambie.

Shadrack